Mtungi Mdogo wa Pembeni

Okbun alitimiza miaka sabini siku ya Jumamosi, na watoto wake walikuwa wamempangia mambo bila yeye kujua. Walianza Alhamisi kwa kumpeleka kwenye chemchemi za maji moto pamoja na jirani yake Malsun, na huko wakakaa siku mbili wakijiloweka kama figili kwenye maji ya chumvi.

"Kuna kitu wananificha hawa," alisema Okbun.

"Wacha wafiche. Wangu hawafichi kitu, maana hawaleti kitu. Hebu nisugue mgongo, dada, acha maneno."

Okbun akacheka, lakini naye alikuwa na lake moyoni. Nyuma ya nyumba yake, juu ya jukwaa la mawe, ilisimama mitungi kumi na mmoja ya sosi ya soya na pilipili iliyochachushwa, na pembeni kabisa kulikuwa na mmoja mdogo, mweusi, usiofika hata gotini. Huo ulikuwa wa mama mkwe wake. Wakati wa vita yule mama alikimbia akiwa ameubeba mgongoni, mablanketi akayaacha nyumbani. Kila mwaka sosi iliyopungua ilijaziwa mpya, ile kongwe ikaitia mpya ladha yake, chumvi ikaganda chini kama mawe, na mtungi haukukauka hata siku moja. Supu ya kuwakumbuka mababu haikupikwa bila tone lake.

Ila desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba mke wa mwana haambiwi habari za mtungi mpaka siku anayokabidhiwa. Okbun mwenyewe aliupita miaka kumi na minane akidhani ni takataka ya kikongwe. Sasa ilikuwa zamu ya Miran, mke wa mwanawe Sanghun. Alikuwa ameshaamua: siku ya kutimiza sabini, wageni wakishashiba, atamshika mkono ampeleke nyuma na kumwambia kila kitu.

Jumamosi asubuhi Sanghun alikuja kuwachukua, akiwa na vazi jipya la hariri ya waridi kwa ajili ya mama yake. Gari lilipoingia uani, mjukuu wake Haneul akaruka mbele, simu mkononi.

"Fumba macho, Bibi! Usichungulie! Bibi, unachungulia!"

Jiko lake lilikuwa jipya. Kulikuwa na makabati meupe, friji la kimchi, kabichi ya kuchachushwa, refu kuliko Sanghun, na jiko linalochemsha maji bila moto kuonekana. Okbun alifungua kila mlango, akafunga, akafungua tena. Alifurahi kwelikweli, hata machozi yakamlenga.

"Bado," Sanghun alisema. "Kazi yenyewe kaifanya Miran. Twende nyuma, Mama."

Mitungi ilikuwa inang'aa, kila mmoja na utepe mwekundu shingoni. Ule mdogo wa pembeni ulikuwa umepinduliwa, mdomo chini, ukikauka juani.

Miran alinyoosha mikono yake, wekundu umepanda mpaka viwikoni. "Siku mbili, Mama! Hiyo mikubwa nimeisugua nje tu, ndani sikugusa, najua ni sosi. Lakini haka kadogo, weee! Kalikuwa kameoza. Ukungu juu, chini mawe meusi kama makaa. Nimeyagonga kwa nyundo mpaka yakatoka, nikamwagia maji ya moto mara nne. Sasa unaweza hata kupanda ua humu."

"Umemwaga wapi?" Okbun aliuliza.

"Kule mtaroni."

Okbun alitembea mpaka kwenye mtaro, akachuchumaa na hariri yake, akagusa tope kwa kidole, akalitia ulimini.

"Bibi anakagua usafi!" Haneul alipiga kelele akimrekodi, na wageni wote waliokwisha kujaa uani wakaangua kicheko.

Malsun peke yake hakucheka. "Jamani," alisema taratibu. "Mmemwaga sosi ya marehemu. Ile aliyokimbia nayo vitani."

Kicheko kikakatika. Miran alimtazama mumewe, kisha mkwewe, na rangi ikamtoka usoni.

"Sosi gani?" Sanghun aliuliza. "Mama, mbona hukuwahi kutuambia?"

"Ningemwambia leo."

"Basi tutakutafutia nyingine. Mjini zipo, za zamani hivyohivyo, kwenye chupa nzuri..."

"Nyamaza, Sanghun."

Lakini meza ilikuwa tayari, keki za mchele zimepangwa zikawa minara, na mpiga picha alishasimamisha kamera. Wakamkalisha Okbun kwenye mto. Wanawe wakaanza kuja mmoja mmoja, kupiga magoti, kumsujudia na kumpa kikombe cha pombe ya mchele, na yeye kumjibu kila mmoja kwa maneno ya baraka, kama inavyopasa.

"Uwe na afya, na upunguze sigara," alimwambia Sanghun.

"Usome, na ule ushibe," alimwambia Haneul.

Akaja Miran. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na ile mikono yake myekundu ikatulia mbele ya magoti ya Okbun. Okbun alijua kabisa kwamba binti huyu hana kosa. Alijua pia aliyeficha ni nani. Alilitafuta neno, lolote, hata lile la kuwaambia watu baki, na halikuja. Miran aliendelea kuinama. Mpiga picha akashusha kamera, akakohoa.

"Inuka," Okbun alisema mwishowe. "Wageni wana njaa."