Theonest Aacha Kazi Wiki ya Krismasi

Bupe ana karakana ya ushonaji Bunju: mafundi watano, na mkataji mmoja aliyeitwa Theonest. Asubuhi ya tarehe kumi na sita Desemba, Theonest alimkabidhi karatasi iliyokunjwa. Bupe alidhani ni vipimo vya kwaya. Alipofika mstari wa pili alikaa juu ya robota la kitambaa. Ijumaa ndiyo ingekuwa siku ya mwisho ya Theonest kazini.

"Kwaya mbili zinasubiri sare," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia, dada. Desemba nne mfululizo naomba likizo, unaniambia Januari. Mama yangu Karagwe haoni tena. Januari hii alinipapasa uso ndipo akajua ni mie."

Bupe alimgeukia Farida, fundi wake wa siku nyingi, akitaraji atetewe. Farida hakuinua macho kwenye cherehani. "Aliomba kweli, dada. Mwaka jana ulicheka, ukasema sare hazina Krismasi."

Bupe hakukumbuka hata neno moja. Hilo lilimshtua kuliko barua.

Mchana kutwa alipanga namna ya kumzuia: mkataba, notisi ya mwezi mzima. Jioni aliacha yote hayo, akamwomba kitu kimoja tu, kwamba siku zilizobaki amfundishe Farida kukata.

"Na ukitaka, tuiite likizo," aliongeza. "Urudi Februari."

"Sirudi, dada. Nitashonea huko huko."

Kesho yake Bupe aliwapigia viongozi wa kwaya, akawaeleza ukweli. Mmoja, mzee Marselino, alikubali mashati tu, sketi zije mwaka mpya. Mwingine alikuja na pikipiki, akachukua kitambaa chake bila kuaga.

Ijumaa Theonest aliondoka na barua ya kumsifu, aliyoiandika Bupe kwa mkono. Farida aliharibu kola saba kabla ya mkono kutulia. Mashati ya mzee Marselino yaliisha tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri.

Oktoba iliyofuata, Bupe aliwakalisha mafundi wote, akamuuliza kila mmoja: nani anasafiri Desemba, na lini. Walidhani anawatega.