Mbio Zangu na Mwikali

Msinicheke kabla sijamaliza. Zamani nilikuwa natafuta herufi kwenye taipureta kama kuku anayedonoa mahindi. Ndipo ofisi yetu ya mjini ikamwajiri Mwikali, akaketishwa mbele yangu. Akianza kutaipu, ni mvua juu ya mabati! Wivu ukanishika. Hata kule Kileleshwa ninakokaa na dada yangu, nilitaipu juu ya meza ya chakula bila mashine, mpaka shemeji akaniombea. Nikawa moto kweli.

Jana meneja akatugawia ripoti, kila mtu ukurasa wake, nakala tatu tatu. Wageni wa kuisoma walikuwa wameshaketi ofisini kwake. Nikachomeka kaboni za kunakilia katikati ya karatasi, nikafyatuka. Mwikali bado alikuwa anazipanga zake taratibu.

"Pole pole, Nafula," akasema.

"Jali yako, dada."

Nikamaliza yeye akiwa katikati. Nikaingia kwa wageni kwa maringo, Mwikali akanifuata na kazi yake dakika chache baadaye, meneja akifunua yangu. Karatasi ya pili, nyeupe. Ya tatu, nyeupe. Akageuza ya kwanza: nakala ilikuwa imejichapa mgongoni mwake, maneno yamepinduka kushoto kulia. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeweka kaboni upande wa wino ukitazama juu.

Mwikali akafungua mkoba, akatoa kioo chake cha poda, akampa meneja kwa mikono miwili.

"Soma na hiki, mzee. Nafula siku hizi hakosei hata herufi moja."