Shukrani Tatu za Asubuhi

Mimi ni binti wa pili, kwa hiyo nilipewa jina la nyanya mzaa mama, kama desturi yetu ilivyo. Ndiyo maana mama huniita maitu, yaani mama yangu. Nilidekezwa sana kwa sababu ya jina hilo, na nilipokuwa mtu mzima nikaanza kumwamuru. Naye akawa ananitii, kama kwamba kweli mimi ndiye niliyemzaa.

Mwaka jana nilichoshwa na malalamiko. Kila aliyeingia katika duka langu la nafaka pale Majengo alikuwa na la kulia: mvua, bei, mgongo. Nikaamua kwamba mtu aliyeokoka hawezi kuishi hivyo. Nikaweka kanuni nyumbani: kabla ya kusema neno lingine asubuhi, taja mambo matatu unayomshukuru Mungu. Niliipenda kanuni hiyo, na mimi nikipenda kitu, walio karibu nami hawapumui. Nikampigia mama simu kule Gakindu, nikamwekea yeye pia.

"Maitu, lakini huu mguu wangu..." alianza asubuhi moja.

"Mami, shukrani kwanza! Na usikiri ugonjwa, utaukaribisha."

Akaanza kuhesabu. "Nashukuru kahawa imeiva. Nashukuru ng'ombe iko na maziwa. Nashukuru nimeamka."

"Umeona sasa?" nikasema, nikakata simu nikiwa nimefurahi.

Hakutaja mguu tena. Wiki iliyofuata nilisimama kwenye ushirika wa akina mama kanisani, nikashuhudia jinsi mama yangu alivyoacha kulalamika, na wote wakapiga makofi. Nikikumbuka makofi yale natamani ardhi inimeze.

Nilipoenda Gakindu kumsaidia kuchuma, nilimkuta ameketi juu ya gunia akichagua kahawa, mbichi kando, nyekundu kando. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya gambuti, buti lake la mpira la shambani. Ule mwingine ulikuwa umefungwa kwa kipande cha leso na mfuko wa plastiki, na harufu yake ilinifikia kabla sijamsalimu. Mama ana kisukari. Kidonda cha mguuni kwa mtu kama yeye hakingojewi hata siku mbili, na hilo nililijua vizuri. Kijiwe kilikuwa kimeingia kwenye gambuti, kikamkwaruza, basi.

"Mbona hukuniambia?" nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea, hata wakati ule.

"Si ni wewe ulisema nisikiri, maitu?"

Hospitalini tuliambiwa tumechelewa. Walimkata mguu chini ya goti. Nilikaa kwenye benchi nje nikimkasirikia Mungu, kisha nikaona aibu, maana si Mungu aliyemkatia mama simu. Nimemlilia Mungu tangu nikiwa shule ya Jumapili, tena kwa mambo ya kijinga, na sikumbuki hata siku moja aliponikatiza ili nianze na shukrani. Bado naamini ni vizuri kushukuru. Lakini mimi nilitaka mama ashukuru ili nisisumbuke, na jambo hilo nikaliita imani.

Siku ya tatu niliingia wodini na chupa ya uji. Aliponiona tu, mama alijivuta juu ya mto, akainua vidole vya mkono ahesabu.

"Nashukuru nimeamka. Nashukuru daktari. Nashukuru..."

Nikamshika vile vidole. "Mami, wacha. Niambie unaumwa wapi."

Alinitazama kama mtoto anayeogopa kuchapwa akisema ukweli.

"Kidole kubwa, maitu," alisema hatimaye. "Ya mguu hii. Inaniuma sana."

Nikatazama blanketi. Pale mguu uliokatwa ulipokuwa, lilikuwa limelala bapa kwenye godoro. Sikumsahihisha. Nikaweka uji chini, nikavuta kiti karibu na kitanda.

"Inauma aje?" nikamuuliza.