Baba Amefukuzwa Mazishini kwa Mchezo wa Mieleka

Leo baba yangu amekatazwa kumzika rafikiye.

Miaka ya themanini, yeye na marehemu Charo walipigana mieleka upande mmoja, Malindi nzima ikiwashangilia. Siku moja baba akamgeuka mwenziwe, akamtupa nje ya ulingo. Watu walilia!

Kumbe walipanga wenyewe, ili watu wazidi kujaa, wakaapiana kutunza siri. Mimi nimeambiwa leo tu, tukienda mazishini kijijini Jilore.

Tulipofika, mjane akatuzuia mlangoni. “Aliyemsaliti mume wangu hamziki!”

Nikamnong'oneza baba, “Si umwambie?”

“Charo alimficha mkewe jambo hili maisha yake yote. Leo nimfanye mwongo, naye yumo sandukuni?”

Akasimama nje ya ua, juani, mpaka kaburi likafukiwa.

Yule mama hayumo humu mtandaoni. Jamani, nyinyi mngemwambia?