Kiuno Chini ya Kifua

Kwa siku tatu sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya kiuno cha gauni. Sikuwa na hakika kama nimemshonea bibi harusi vazi zuri au nimemtafutia matatizo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, na kwa kuwa ajira haikuwepo nilimsaidia shangazi yangu kwenye duka lake la ushonaji Njombe mjini. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Makambako. Alitaka gauni lisilofanana na la wenzake, na mimi ndiye niliyemwonyesha kwenye simu picha za wanawake wa Paris wa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa: pamba nyeupe nyembamba, mikono mifupi, kiuno kimepanda hadi chini ya matiti, na kuanzia hapo kitambaa kinateremka moja kwa moja mpaka miguuni. Nilimweleza kwamba waliiga sanamu za Wagiriki na Warumi wa kale, na kwamba hata wakati wa baridi walivaa hivyo hivyo, wakijitanda shali. Alisema baridi ya Njombe ingewamaliza.

Si yeye wala mimi aliyefikiria mimba. Shangazi alifikiria mara tu alipoliona gauni limetundikwa.

"Ana miezi mingapi?"

"Hana mimba, shangazi. Ni mtindo wa Kifaransa."

"Hao Wafaransa wako watakuja kanisani kumtetea, msomi?"

Kwetu gauni lililokatwa chini ya matiti ni la mjamzito. Ndoa ya mwalimu ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili, ikabaki moja, na mwenye pingamizi huruhusiwa kusema. Usharika wao haumpi shela bibi harusi mwenye mimba; huitwa kwanza mbele ya wazee wa kanisa. Na Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la mwisho, angelivaa gauni hilo mbele ya kina mama wa kamati ya harusi.

Shangazi alishauri nishushe kiuno vidole vinne bila kumwambia. Niliona angejua. Kisha nikaona pengine hatajua, na hilo likanisumbua zaidi. Nikimwambia nitamtia hofu ya bure, labda hakuna ambaye angesema lolote. Nisipomwambia, aibu itakuwa yake na kosa langu.

Ijumaa nililikunja gauni pamoja na kitambaa kilichobaki, nikaenda Makambako.

"Mwalimu, watu watadhani ni gauni la mjamzito," nilisema kabla chai haijamiminwa. "Nilipaswa kukuambia siku ile ile."

Alilishikilia gauni mabegani, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Shangazi yako anajua umekuja?"

"Hajui. Yeye alitaka nilishushe kimya kimya."

"Ningekuwa na mimba ningelivaa tu, wangekuwa na haki ya kuniuliza," alisema. "Kuulizwa bure sitaki. Shusha kiuno, mdogo wangu. Mikono iache ilivyo."

Nikatoa wembe kwenye mkoba, nikaketi pale pale sebuleni kwake na kuanza kufumua.