Buluu Iliyovuka Bahari

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali, nikiwa mwanafunzi hapa Minneapolis, shangazi yangu alipokuja kutoka Anoka, mji wa jirani, akataka nimpeleke makumbusho, kwa kuwa ndani kuna joto na kuingia ni bure.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu picha uliyochora imegeuziwa ukuta kule gereji, na leo ndiyo siku ya mwisho ya shule kupokea kazi za maonyesho. Wenzako wamecheka: nyanya mwenye leso, juu ya ziwa la barafu! Eti picha haijui kwao. Sasa unataka kufuta kimojawapo, leso au barafu.

Tulisimama mbele ya picha ya Kijapani, ya enzi ambazo nchi ile iliwafungia wageni milango, isipokuwa wachache, wakiwemo wafanyabiashara wa Kiholanzi na Kichina. Nilikuwa nimesoma kozi moja ya sanaa, na mtu wa kozi moja hana breki. Nikamweleza Shangazi kwamba ile barabara inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali ni mbinu ya Ulaya. Milima ya wino yenye ukungu katikati ni ya Wachina. Hata buluu ya mto iligunduliwa Ulaya, ikaja kwa meli.

"Sasa Mjapani mwenyewe yuko wapi?" nikauliza, nikijiona profesa.

Shangazi alisogea karibu mpaka mlinzi akakohoa. Pale chini kulikuwa na mtu mdogo kama punje ya mchele, anakimbia mvua, kashika kofia isipeperuke.

"Huyu hapa. Amelowa," akasema. Kisha akanitazama. "Na wewe koti lako la China, gari lako la Japani. Lakini ukicheka, ni baba yako kabisa, kaka yangu."

Nikatazama upya. Mchoraji ambaye huenda hakuwahi kuvuka bahari alichukua umbali wa Ulaya na ukungu wa China ili aonyeshe mvua ya kwao, na mvua ile ilikuwa bado inanyesha.

Basi usifute kitu, mwanangu. Jifunze kwa yeyote, ila mvua iwe ile iliyokulowesha wewe. Nimeichungulia picha yako bila ruhusa. Nyanya ameuma pindo la leso huku akivaa glavu, vilevile alivyofanya alipotutembelea. Hilo hukufundishwa na mtu.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyoona haya. Gari la kutupeleka shule nimeshaliwasha lipate joto. Mlete nyanya.