Bathsheba na Hewa Nyembamba

Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na Bathsheba Nyakerario alikuwa akiteremka mlima wa Manga na mkungu wa ndizi kichwani, akiwahi soko. Mguu wake uliteleza kwenye udongo mwekundu, mwili ukaenda nyuma, na mkungu ukaivuta shingo. Waliomfikia walimkuta macho wazi, anaongea vizuri, lakini hausikii mwili wake kuanzia mabegani kwenda chini.

"Msiniinue kwa mikono," aliwaambia. "Tafuteni kitu kigumu mnilaze."

Waling'oa mlango wa jiko la jirani, wakambeba juu yake mpaka barabarani.

Hospitalini walisema mfupa wa shingo umevunjika na kuubana uti wa mgongo, ila uti haukukatika wote. Alifanyiwa upasuaji. Miezi ikapita, miguu ikaanza kurudi kidogo kidogo, mpaka akaweza kusimama na kuzunguka ua kwa fremu ya chuma, viganja na vigasha vimeegemea juu yake. Mikono ndiyo iliyokataa. Vidole vilijikunja, wala havikushika kikombe wala kufunga kifungo. Mumewe, Alfayo, alimmegea ugali na kumlisha, na alipomaliza alimpangusa mdomo. Bathsheba alimwangalia usoni muda wote huo.

Mwaka ulipokwisha, watu waliokuja kumwombea walianza kumshauri akubali hali yake.

"Nimekubali mengi," alimwambia Alfayo wageni walipoondoka. "Mikono bado sijaikubali."

Hivyo Cynthia Bosire, daktari wa mazoezi kutoka mjini Kisii, alipopiga simu kuhusu utafiti mpya, Bathsheba alitaka kwenda hata kabla ya kuelezwa. Cynthia alisisitiza waje wote wawili wasikilize kwanza.

"Kuna njia chache za neva zilizobaki nzima shingoni mwako," aliwaeleza. "Ukivuta hewa yenye oksijeni kidogo kwa muda mfupi, kisha ukarudi kwenye hewa ya kawaida, na tukarudia hivyo mara kadhaa, mwili unaamka. Inaonekana njia zile zilizobaki hupitisha ishara kwa nguvu zaidi kwa muda. Sisi tunaitumia nafasi hiyo kufanya mazoezi."

Alfayo alikunja uso. "Yaani mtamnyima hewa mke wangu?"

"Tunampunguzia, mzee. Ni kama mtu apande mlima mrefu sana, ashuke, apande tena, huku ameketi kwenye kiti. Na yupo muuguzi hapo akimpima."

"Sisi tunakaa mlimani tayari."

"Manga ni fupi kwa kazi hii," Cynthia akasema, na Alfayo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jambo moja lilimsumbua Bathsheba. Kungekuwa na awamu mbili, na katika moja barakoa ingetoa hewa ya kawaida tu. Yeye hangeambiwa ni ipi, na hata Cynthia hangejua. Ndivyo wangejua kama ni hewa inayosaidia au ni matumaini tu. Bathsheba alifikiri kidogo, akakubali. Kwa kuwa barabara ya kutoka Manga ilimtikisa shingo, alihamia kwa dada yake Orpah kule Suneka, karibu zaidi na mji.

Kila asubuhi isipokuwa Sabato alifungwa barakoa usoni na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, kikisomwa na muuguzi ili Cynthia asijue kipimo. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Barakoa ikitolewa tu, Cynthia alimwekea mezani sifongo, vibanio vya nguo, maharagwe na bakuli tupu la kuyatia, na kazi ikaanza. Awamu ya kwanza iliisha bila hata haragwe moja kuingia kwenye bakuli.

Zilifuata wiki za mapumziko, na hapo ndipo Bathsheba alipokosa subira. Mchana mmoja Orpah alirudi kutoka dukani akamkuta sakafuni kando ya kitanda, midomo imepauka, anahema. Alikuwa amejifunika uso kwa mto na kubana pumzi makusudi ili aige mashine, akarudia na kurudia, mpaka akazimia na kuanguka. Orpah hakumfichia siri; walipofika kliniki alisema yote.

Cynthia alimpima shingo na moyo kwanza. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mama, hapa kuna mashine na muuguzi anayeona damu yako ina oksijeni kiasi gani. Nyumbani ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na hamu."

"Hamu haipimi damu. Kukosa hewa bila kipimo kunaua hata hizo neva tunazozitafuta. Ukirudia, nitakutoa kwenye utafiti, na sitabadili nia."

Bathsheba aligeuza uso kuelekea mlangoni. Orpah, aliyemjua tangu utotoni, alidhani atainuka aende zake.

"Basi nipe kitu cha kufanya nyumbani," Bathsheba akasema. "Siwezi kukaa tu."

Cynthia alimfungia vile vibanio kwenye mfuko. Tangu siku hiyo, Orpah akipika, Bathsheba alikuwa mezani akisukumana na vibanio, akiviangusha, akiomba aokotewe, akianza upya.

Awamu ya pili ilipoanza kichwa kilimuuma kidogo, lakini hakulalamika. Wiki ya pili yake, akiwa ametoka tu kuvuliwa barakoa, aliweka kibanio kati ya kidole gumba na cha shahada, akabana. Kibanio kikafunguka.

"Rudia," Cynthia akasema kwa sauti ndogo.

Kikafunguka tena. Orpah aligeukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya leso. Bathsheba aliomba kikombe.

Utafiti ulipofungwa waliambiwa kuwa hewa nyembamba ilikuwa ya awamu ya pili. Cynthia alimtahadharisha: waliopimwa ni wachache, nguvu inaweza kupungua, na bado haijulikani hewa imechangia kiasi gani na mazoezi kiasi gani.

"Mkijua mtaniambia," Bathsheba alijibu. "Mimi ninaendelea na vibanio."

Amesharudi Manga sasa. Anakula kwa kijiko, anachambua mboga za chinsaga polepole, na msimu wa chai ukipamba moto Alfayo humwekea kigoda kwenye mistari ya kando akachuma anachoweza. Mkono wa kushoto bado mzito, na baridi ikizidi vidole hukakamaa. Fremu ya chuma hajaiacha. Lakini juzi alisikia kwamba kliniki inapanga utafiti mwingine, huu wa miguu, akamwomba Alfayo amletee simu.

"Niiweke sikioni?" Alfayo akauliza.

"Hapana. Iweke mezani, nitabonyeza namba mwenyewe."